Mali Bila Daftari: Majibu kwa Hoja Sita Kuhusu Mifumo Erevu Viwandani na Maghalani

Kila kiwanda ninachokaribishwa, naomba nianzie stoo. Ofisini nitaonyeshwa chati za rangi. Stoo nitayaona mambo yalivyo. Katika kiwanda kimoja cha kusaga unga, mtunza stoo alinifungulia leja. Beringi za mashine ya kupandishia mahindi: zimebaki nne. Akapanda ngazi, akashusha kasha kutoka rafu ya juu, akalitikisa. Tupu. Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa imenyamaza kwa siku ya pili, na vijana wa zamu wameketi juu ya viroba wakisubiri spea itoke mjini. Hakuna aliyeiba. Fundi wa zamu ya usiku alichukua ya mwisho, kalamu haikuonekana, akasema ataandika asubuhi.

Siku chache baadaye nilikaa kwenye semina ya mifumo erevu: programu zinazobashiri mahitaji, vihisi vinavyosikiliza mashine, akili mnemba (wengine huiita akili unde) inayopanga safari za malori. Waliochangia walikuwa makundi mawili. Moja linaiogopa mifumo hii, jingine linaiabudu. Nimezikusanya hoja zao na nitazijibu moja baada ya nyingine, maana naona makundi yote mawili yamejikwaa kwenye kisiki kimoja: yanadhani akili ya mfumo inakaa ndani ya kompyuta. Mimi naona inaanzia kwenye kalamu ya mtu anayetoa kitu rafuni, na inaishia kwa mtu mwenye ruhusa ya kuchukua hatua. Kompyuta inasaidia hapo katikati. Wazee wa biashara walishalifupisha somo hili: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hoja ya kwanza: “Haya ni mambo ya Ujerumani na Japani. Kwetu hata umeme hauaminiki.”

Jibu liko Lindi. Kati ya 2009 na 2010, Wizara ya Afya ya Tanzania na washirika wake waliendesha jaribio lililoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vya afya 129 vilishiriki. Vituoni hapakuhitajika roboti wala kompyuta. Ilitosha simu ya mkononi ya mhudumu. Kila wiki alipata ujumbe wa kumtaka ahesabu dawa mseto ya malaria, katika pakiti zake za saizi nne, pamoja na kwinini ya sindano, kisha ajibu kwa ujumbe usiomgharimu hata senti. Aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Aliyesahau alikumbushwa. Viongozi wa afya wa wilaya wakaweza kuona wilaya yao nzima kwa mara moja: kituo kipi kimeishiwa, kipi kina ziada.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21, vilikuwa asilimia 26. Ziada ya kituo kimoja iliweza kuhamishiwa kituo jirani kabla mtoto mwenye homa hajarudishwa nyumbani mikono mitupu.

Lakini naomba tuutazame wastani huo kwa ndani. Lindi Vijijini ilianza na asilimia 57 ya vituo vilivyoishiwa, ikafika sifuri. Ulanga ilitoka 87 hadi 30. Kigoma Vijijini ilitoka 93 hadi 47. Simu zilikuwa zilezile na ujumbe uleule. Kilichotofautiana ni hali ya ugavi katika kila wilaya na hatua zilizofuata baada ya namba kuonekana. Simu ilionyesha pengo. Kulijaza kulibaki kuwa kazi ya watu.

Rwanda nayo ina ushahidi wake. Tangu Oktoba 2016, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini. Zamani hospitali ya mbali ililazimika kuweka akiba ya kila kundi la damu, hata lile linalohitajika kwa nadra, nayo ikaharibika kwenye friji. Akiba ikikaa pamoja na kufika haraka inapoitwa, upotevu unapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulikuta kuwa damu iliyopitwa na muda katika hospitali zilizohudumiwa ilipungua kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja. Anayesema mambo haya si ya kwetu amechelewa habari.

Hoja ya pili: “Nunua programu kubwa, matatizo yatakwisha.”

Hii ndiyo hoja ya muuzaji, na imewagharimu waliokuwa na fedha kuliko sisi. Mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target ya Marekani iliingia Kanada kwa kishindo, na mfumo mpya wa ugavi. Ilifikisha maduka 133. Januari 2015 ilitangaza kuyafunga yote, na zaidi ya wafanyakazi 17,000 wakapoteza ajira.

Sababu zilikuwa nyingi, ila mojawapo inauma kwa udogo wake. Taarifa za maelfu ya bidhaa ziliingizwa kwa mkono na kwa haraka ili tarehe ya ufunguzi isipite. Mahali pengine ziliandikwa inchi palipotakiwa sentimita. Pengine upana ulikaa mahali pa urefu. Kompyuta haikubisha. Ilipanga mizigo na rafu kwa vipimo vya uongo, maghala yakafurika, huku mteja aliyeingia dukani akikuta rafu wazi.

Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1999, kampuni ya chokoleti ya Hershey iliwasha mfumo wake mpya wakati oda za Halloween, sikukuu inayouza peremende kuliko kawaida, zilikuwa zinamiminika. Chokoleti ilikuwepo ghalani. Oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikuwafikia wateja kwa wakati.

Programu inafanya kwa kasi kile ulichozoea kufanya. Kama ulizoea kuandika kwa usahihi, itakuinua. Kama ulizoea “nitaandika asubuhi”, itakupeleka shimoni haraka kuliko leja ya karatasi, na safari hii utaamini namba kwa sababu zimechapwa vizuri. Kwa hiyo muuzaji akija, usimuulize kwanza mfumo unafanya nini. Muulize nani ataingiza taarifa, saa ngapi, na nani atazihakiki. Akikosa jibu, mpe chai na umwombe arudi akiwa nalo.

Hoja ya tatu: “Basi tusubiri kwanza takwimu zetu ziwe safi.”

Hoja hii inaonekana ya busara na ndiyo maana ni ya hatari. Takwimu hazisafiki zikiwa kabatini. Namba isiyotumika haina wa kuilinda: mtunza stoo anajua kwamba leja itafunguliwa siku ya ukaguzi tu, basi anaipamba kwa ajili ya mkaguzi.

Turudi kwenye vituo vile 129. Wastani wa majibu ulikuwa asilimia 95, na waliotembelea vituo kuhakiki walikuta hesabu zilizotumwa ni sahihi kwa zaidi ya tisa katika kumi. Wahudumu wale hawakupitishwa kwenye miaka ya “kusafisha takwimu” kwanza. Waliombwa namba chache, kila wiki, na namba hizo zilikuwa na msomaji. Naamini hapo ndipo usahihi ulipozaliwa. Mtu akiona alichokiandika kimeleta dawa, hataandika ovyo tena.

Kwa kiwanda, njia ya kuanzia iko wazi. Achana na kuhesabu stoo nzima mara moja kwa mwaka, zoezi linalofunga kazi siku tatu na kuzaa ugomvi. Hesabu vitu vitano kila asubuhi. Anza na vile ambavyo vikikosekana uzalishaji unasimama, na vile vinavyobeba fedha nyingi. Linganisha na leja. Zikipishana, usikimbilie kumtafuta mwizi. Tafuta ni hatua gani katika utoaji iliyoruhusu kitu kitoke bila kuandikwa. Tundika kalamu kwa kamba mlangoni kama ndiyo dawa. Baada ya miezi michache utakuwa na taarifa ambazo mfumo wowote erevu unaweza kuzifanyia kazi, na hutakuwa umesubiri mtu.

Hoja ya nne: “Kompyuta ikibashiri vizuri, akiba ghalani ni fedha iliyolala.”

Tuchukue duka la mtaani linalouza viroba kumi vya unga kwa wiki. Wiki moja kuna harusi, vinatoka kumi na viwili. Mwenye duka anaogopa kuishiwa, anaagiza kumi na tano. Muuza jumla anaona oda zimepanda, anaagiza ishirini. Kiwanda kinapata oda ya ishirini, kinaongeza zamu na kununua mahindi kwa bei ya juu. Wiki inayofuata harusi imepita, watu wanakula ugali uleule wa kila siku, na sasa kila ghala njiani limejaa. Hakuna aliyeagiza tena kwa wiki tatu, kiwanda kinapunguza watu.

Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, aliueleza mtikisiko huu tangu katikati ya karne iliyopita, na chuoni hapo ukatengenezewa mchezo wa kufundishia wa kusambaza bia ambao hadi leo wanafunzi wa ugavi huucheza. Wataalamu wanauita athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Kampuni ya Procter & Gamble iliuona kwenye nepi za Pampers. Mtoto hachafui nepi zaidi kwa sababu ni mwisho wa mwezi, lakini oda zilizofika kiwandani zilipanda na kushuka kama mawimbi ya kusi.

Ubashiri unaotegemea oda peke yake unajifunza mawimbi, haujifunzi bahari. Dawa ya kwanza ni kiwanda kuona kinachouzwa dukani, siku kwa siku, badala ya kukisia kutokana na oda ya muuza jumla. Hapo mfumo erevu unafaa sana, kwa kuwa unaweza kukusanya mauzo ya maduka elfu moja jioni na kutoa picha moja asubuhi. Lakini maduka hayo lazima yakubali kushirikisha taarifa zao, na hilo linataka kuaminiana na makubaliano ya maandishi.

Na akiba? Tuwaulize Toyota, wenyewe waliowafundisha walimwengu kutolundika mali ghalani. Tetemeko na tsunami ya Japani ya Machi 2011 viliwaonyesha kwamba wanawajua wanaowauzia vipuri, lakini hawawajui vizuri wanaowauzia hao wanaowauzia. Wakajenga kanzidata ya wasambazaji wa ngazi za chini, na wakataka vipuri vilivyo vigumu kupatikana, zikiwemo chipu za kielektroniki, viwekewe akiba ya miezi kadhaa. Mwanzoni mwa 2021, uhaba wa chipu ulipofunga viwanda vya washindani, Toyota iliendelea kuunda magari. Uhaba uliporefuka nao waliguswa: Agosti mwaka huo walitangaza kupunguza uzalishaji wa Septemba kwa asilimia 40. Hata hivyo miezi ile waliyojinunulia ilikuwa na thamani kubwa. Mfumo mzuri unakusaidia kujua kipi kiwekewe akiba na kipi kisiwekewe. Anayekwambia usiweke chochote anacheza na fedha zako.

Hoja ya tano: “Tuna ratiba ya matengenezo. Vihisi vya kubashiri ubovu ni anasa.”

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanabiolojia Mwingereza C. H. Waddington na wenzake walichunguza matengenezo ya ndege za kikosi cha ulinzi wa pwani cha Uingereza. Walikuta jambo la kushangaza: hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ndege kufanyiwa ukaguzi wa ratiba, kisha zikapungua kadiri siku zilivyokwenda. Kufungua kilichokuwa kizima ndiko kulikoleta ubovu. Ratiba ya kalenda ina faida yake, lakini haijui hali ya mashine iliyo mbele yako.

Beringi haifi ghafla. Kwanza inabadilisha mtetemo, mdogo kiasi kwamba mkono hausikii. Baadaye inatoa sauti. Kisha inapata joto. Moshi huja mwisho, na ukiona moshi umeshachelewa. Fundi mzoefu anaijua safari hii: anaweka ncha ya bisibisi kwenye kasha la mota, mpini anaubana sikioni, anafumba macho na kusikiliza. Kihisi cha mtetemo kinafanya kazi hiyohiyo mchana na usiku, na kinasikia hatua ya kwanza ambayo sikio la binadamu haliifikii. Fundi anabaki kuwa wa lazima, kwa sababu mashine ikilalamika anatakiwa mtu wa kuamua kama ni beringi, ni msingi uliolegea, au ni mkanda uliokazwa kupita kiasi.

Kuhusu gharama, usianze na mashine zote. Iko moja ambayo ikisimama kiwanda kizima kinasimama. Kwenye kile kiwanda cha unga ilikuwa ile ya kupandishia mahindi. Piga hesabu ya saa moja ya kusimama kwake: mishahara inayolipwa bure, unga ambao haukuuzwa, mteja aliyehamia kwa jirani. Zidisha kwa saa zilizopotea mwaka jana. Hapo ndipo utajua kama kihisi ni anasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kihisi kinauona ufa ukiwa bado unywele.

Hoja ya sita: “Kiwanda bora ni kisichokuwa na watu.”

Hoja hii ina sura mbili. Mwenye mali anaitamka kwa matumaini, mfanyakazi anaitamka kwa hofu. Wote nawaomba tutembelee jengo moja tu, mjini Fremont, California.

Jengo hilo lilikuwa kiwanda cha magari cha General Motors. Utoro ulikithiri, ubora ulikuwa duni, uhusiano wa menejimenti na wafanyakazi ulikuwa vita. Mwaka 1982 kilifungwa. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale wa zamani, na chama chao kilekile. Kilichobadilika ni namna ya kufanya kazi. Juu ya mstari wa uzalishaji ilining'inia kamba, na kila mfanyakazi alikuwa na haki ya kuivuta akiona kasoro. Akivuta, kiongozi wa timu anakuja kusaidia. Tatizo lisipotatuliwa, mstari unasimama. Ubora ukapanda hadi kulingana na viwanda vya Toyota vya Japani. Katika muongo huohuo GM ilikuwa inamwaga mabilioni ya dola kwenye roboti za viwanda vyake vingine, bila kupata matunda ya namna hiyo.

NUMMI ilifungwa 2010, na jengo likanunuliwa na Tesla. Kufikia 2018 Tesla ilikuwa inahangaika kuunda gari lake la Model 3 kwa idadi iliyoahidi, kwa sababu ilikuwa imeipa mitambo kazi nyingi mno. Aprili mwaka huo mkuu wake, Elon Musk, alikiri hadharani kwamba kutumia mitambo kupita kiasi lilikuwa kosa lake, na kwamba binadamu anathaminiwa chini ya uwezo wake. Kulikuwa na roboti iliyotakiwa kubandika mikeka ya nyuzi za kioo juu ya betri. Ilishindwa mara kwa mara kushika kitu laini ambacho mkono wa mtu unakishika bila kufikiri. Walipouliza mikeka hiyo ni ya nini, kisha wakapima kelele za gari likiwa nayo na likiwa haina, hawakuona tofauti. Walikuwa wamejenga mashine ya kufanya kazi isiyohitajika. Juni 2018 kampuni ilisimamisha hema nje ya kiwanda, ikaweka humo mstari mwingine wa kuunganisha magari, na mwishoni mwa mwezi ikafikia magari 5,000 kwa wiki.

Kwa mfanyakazi mwenye hofu nasema ukweli: zipo kazi zitakazopungua, hasa za kunakili namba kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Hofu yako ni halali na anayekucheka hakutakii mema. Lakini kumbuka mashine ya kufumia nguo ya mwaka 1924 ya mvumbuzi wa Kijapani Sakichi Toyoda, ambayo ilisimama yenyewe uzi ulipokatika. Mfumaji aliyekuwa akikodolea macho mashine moja akaweza kusimamia nyingi, akashughulika na zenye tatizo. Kudai mafunzo kabla mashine haijafika ni haki yako, na kiongozi wa chama chako anapaswa kuliweka mezani leo.

Kwa mwenye mali nasema: anayejua ni kwa nini leja ilidanganya ni mtunza stoo. Anayejua mota inalia vipi ni fundi. Ukiwafukuza ili ulipie mfumo, utakuwa umeuza macho ukanunua miwani.

Basi kabla hujasaini mkataba wowote wa mfumo erevu, kesho asubuhi nenda stoo. Chagua kitu kimoja ambacho kikikosekana kazi inasimama. Soma leja inasemaje, kisha panda ngazi, shusha kasha, uhesabu kwa mkono wako. Zikilingana, uko tayari kuanza. Zisipolingana, umeshajua pa kuanzia.